Nguzo na waya za uzio wa mifugo: zipi za kununua, zipi za kuacha dukani

Uzio wa mifugo hufia mahali pawili. Nguzo huoza au huliwa na mchwa pale inapoingia ardhini, na waya hukatika pale zinki ilipokwisha na kutu ikaanza kula chuma. Mengine yote, kulegea, kuinama, misumari kung'oka, yanarekebishwa kwa kazi ya asubuhi moja. Hayo mawili ya kwanza hayana marekebisho, ni kutoa pesa upya. Kwa hiyo dukani, iwe Nakuru, Eldoret, Arusha au Iringa, maswali yenye uzito ni mawili: sehemu ya nguzo itakayokaa ndani ya udongo imekingwaje, na waya huu umepakwa zinki kiasi gani? Geji, yaani kipimo cha unene wa waya, na bei ni maswali ya baadaye.

Hapa tunapima bidhaa zinazopatikana kwa wingi Kenya na Tanzania kwa ajili ya ng'ombe, mbuzi na kondoo. Uzio wa kuzuia tembo au simba ni kazi nyingine kabisa, hatuuingizi humu.

NGUZO

Mkaratusi uliotiwa dawa kwa shinikizo

Kwa shamba la kawaida hili ndilo chaguo letu la kwanza, lakini pia ndiyo bidhaa yenye udanganyifu mwingi kuliko zote sokoni. Mkaratusi mbichi hauna kinga yake mwenyewe. Penye mchwa wengi, misimu michache ya mvua inatosha kuumaliza. Kinachouokoa ni dawa iitwayo CCA, mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Nguzo hubanduliwa gome, hukaushwa mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 30 hivi, kisha huingizwa kwenye tangi la chuma ambamo hewa hunyonywa kwanza ndipo dawa ikasukumwa ndani kwa shinikizo. Hatua ya kukausha ndiyo inayorukwa na kiwanda chenye haraka. Nguzo iliyojaa maji haina nafasi ya kupokea dawa, hivyo inatoka ikiwa ya kijani nje na nyeupe ndani.

Rangi ya kijani peke yake basi si ushahidi wa chochote, maana hata nguzo iliyochovywa kwenye pipa kwa dakika kumi huwa ya kijani. Kipimo ni msumeno. Chagua nguzo moja katikati ya rundo, kubali kuilipia, uikate kama nusu mita kutoka mwishoni. Usikate karibu na ncha, kwa sababu dawa huingia kirahisi kupitia kichwa cha mti na ncha hudanganya. Kwenye mkato unataka kuona pete ya kijani isiyokatika mahali popote, ikiwa imefunika sehemu yote laini ya nje ya mti. Moyo wa mkaratusi haunywi dawa, hilo ni la kawaida. Ila kama pete ni nyembamba mithili ya kucha, au ina mapengo, mzigo wote uache hapo hapo. Muuzaji anayekataa nguzo yake isikatwe hata ukiilipia amekwisha kujibu swali.

Kutokana na moyo huo usiokunywa dawa yanafuata mambo matatu. Nguzo za duara ni bora kuliko zilizopasuliwa kutoka kwenye gogo kubwa, kwa kuwa mpasuko unauacha moyo wazi kwa mchwa. Usikate kamwe upande utakaokwenda ardhini. Kama nguzo ni ndefu mno, chimba zaidi au kata juu. Na nguzo zenye nyufa ndefu zinazofika katikati zikatae, au uzitumie penye kazi nyepesi. Viwanda makini hupigilia bamba dogo lenye meno kwenye kichwa cha nguzo ili kuzuia kupasuka, nalo ni dalili nzuri ya mtu anayejali mzigo wake.

Unene unalipa kuliko urefu. Uwezo wa nguzo kuhimili kusukumwa unakua kwa mchemraba wa kipenyo: ya sentimita 10 ina nguvu zaidi ya mara mbili ya ile ya sentimita 7.5, ingawa tofauti ya bei haifiki hapo. Kwa ng'ombe wakubwa nunua nguzo za mstari zenye kipenyo cha sentimita 10 na urefu wa mita 2.1, yaani futi 7. Za kona na geti ziwe sentimita 15 hadi 20, urefu wa mita 2.4 au zaidi.

Onyo moja ambalo wauzaji hawalitaji: vipande vinavyobaki visichomwe. Aseniki hubaki kwenye jivu, na ng'ombe hupenda kulamba jivu wakitafuta chumvi. Kiasi kidogo tu huua. Vifukie mbali na maji, na usitengenezee mbao za hori kutoka kwenye nguzo hizo. Jingine, katika nyika yenye moto wa nyasi kila kiangazi, nguzo ya CCA ikishashika huendelea kufuka polepole hata moto ukipita, mpaka iishe. Huko lima ukanda wa mita moja kila upande wa uzio kabla nyasi hazijakauka, au chagua zege.

Kuna pia nguzo nyeusi za kreosoti. Zinadumu vizuri mno ardhini, ila zinanuka, zinachoma ngozi juani na zinachafua mikono na nguo. Kwa kona ni nzuri. Oili chafu ya gari, ambayo bado inapakwa kila kijiji, haimo katika mizani moja na hizi: inakaa juu juu ya mti, haizami, na mvua ikishaisafisha mchwa hupita. Vivyo hivyo kuchoma kidogo upande wa chini wa nguzo. Makaa hayaliwi, kweli, lakini yana nyufa, na nyuma ya makaa kuna mti ule ule.

Mtarakwa

Nguzo za zamani za nyanda za juu za Kenya, na za Shume kule Usambara, zilikuwa za mtarakwa, na sifa yake ni ya haki: moyo wake mwekundu wenye harufu hauguswi na mchwa kwa miaka mingi bila dawa yoyote. Sehemu nyeupe ya nje haina sifa hiyo. Nguzo changa ya mtarakwa yenye nyeupe nyingi italiwa mpaka kwenye moyo, ibaki fimbo inayocheza ndani ya shimo, na misumari iliyopigiliwa kwenye nyeupe itadondoka yote. Pima kwa wekundu, si kwa kipenyo cha jumla.

Tatizo kubwa ni uhalali. Kenya ilisitisha ukataji wa miti katika misitu ya umma Februari 2018, zuio ambalo serikali ilitangaza kulilegeza mwaka 2023, na mtarakwa ni mti unaokua taratibu sana. Mzigo usio na karatasi za msitu unaweza kukamatwa pamoja na lori lililoubeba. Kama una nguzo kuukuu za mtarakwa kwenye uzio uliochakaa, zichimbue, kata sehemu iliyochoka, uzitumie tena. Kununua mpya hatushauri, isipokuwa kwa mtu mwenye shamba lake la miti na kibali.

Zege

Nguzo za zege hazijui mchwa wala moto, na zikitengenezwa vizuri zitamzidi umri aliyezichimbia. Shida ni hilo neno "vizuri". Nyingi zinafyatuliwa kando ya barabara kwa mchanga mwingi, saruji kidogo na siku mbili za kumwagiwa maji.

Angalia nondo kwanza. Nguzo inapoinamishwa na ng'ombe, upande mmoja hubanwa na mwingine huvutwa, na zege halina nguvu ya kuvutwa. Kwa hiyo chuma lazima kiwe karibu na pembe: nondo nne, moja kila pembe, zikiwa zimefunikwa na zege la sentimita 2 hivi. Nondo moja iliyopita katikati haifanyi kazi yoyote, na ndivyo nguzo nyingi za bei nafuu zilivyo. Chungulia kichwa cha nguzo, mara nyingi ncha za chuma zinaonekana. Alama za kutu kwenye ubavu zina maana kuwa chuma kiko karibu mno na nje. Kutu huvimba na kupasua zege.

Kisha gonga kwa nyundo ndogo. Sauti kali kama ya kengele ni nzuri, sauti iliyofumba ni ya zege lenye mapovu au ufa. Kwaruza pembe kwa msumari: ikimomonyoka kama biskuti, saruji ni haba. Nguzo ya sentimita 10 kwa 10 yenye urefu wa mita 2.4 inapaswa kuwa na uzito wa kilo 55 hadi 60. Nyepesi zaidi ya hapo ina mashimo ndani. Zilizo chini ya wiki nne tangu kumwagwa zisisafirishwe kwa barabara mbaya, na ndani ya lori zipangwe zikiegemea sehemu mbili, kila moja robo ya urefu kutoka mwishoni. Zikishikiliwa katikati tu hupasuka nyufa nyembamba usizoziona mpaka mwaka wa pili.

Kwa mzunguko wa boma na kando ya barabara tunazipa alama za juu. Kwa malisho ya ndani ya shamba ni nzito na ghali kuzisogeza, na ng'ombe anayejikuna kila siku huvunja hata nzuri.

Chuma, plastiki na miti hai

Nguzo za chuma za umbo la Y, zenye uzito wa karibu kilo 2 kwa mita, zinapigiliwa kwa mkono bila kuchimba, na kwenye ardhi ya mawe zinaokoa siku nyingi za mtarimbo. Pasiwe na chumvi wala maji yanayosimama. Kasoro yao kubwa ni wezi wa vyuma chakavu. Karibu na mji hazimalizi mwaka. Ukizichanganya, moja kila baada ya nguzo mbili za mti, unapata pia njia ya radi kushuka ardhini, jambo ambalo kwenye uzio wa nguzo za mbao tupu linahitaji fimbo ya chuma kila mita 45 hadi 50. Ng'ombe walioegemea waya huweza kuuawa na radi iliyopiga uzio.

Za plastiki iliyoyeyushwa upya, kama zile za kampuni ya EcoPost ya Nairobi, zinapendeza kwa kuwa hazihitaji dawa na mchwa hana cha kula. Zinafaa kama nguzo za mstari kwenye udongo wenye maji. Hazifai kona: plastiki ikivutwa mfululizo juani hujikunja polepole, na waya ukilegea hutajua kilicholegea ni kipi. Moto nao huziyeyusha.

Minyaa na michongoma ni uzio wa bei ya jembe tu. Mchongoma uliopandwa kwa mistari miwili na kupogolewa mara kwa mara humzuia hata mbuzi, lakini unahitaji miaka kadhaa ya kulindwa na uzio mwingine. Minyaa haina miba, ng'ombe anapenya, na utomvu wake ukiingia machoni ni hatari kwa mtu na mnyama. Tunaiona kama nyongeza ya waya.

WAYA

Seng'enge

Rola mbili zenye uzito ule ule wa kilo 25 zinaweza kuwa bidhaa tofauti kabisa. Seng'enge ya geji 16, waya wa milimita 1.6, hutoa mita 600 na zaidi kwa rola. Ya geji 12.5, milimita 2.5, hutoa takriban mita 250. Muuzaji atasema ya kwanza ni nafuu kwa mita, naye anasema kweli. Geji 16 nzuri hufuliwa kwa chuma kigumu, ambacho nguvu yake ya kukatika inakaribia ile ya geji 12.5 ya chuma laini. Kwa nguvu basi hazipishani sana. Zinapishana kwa kutu: waya mwembamba una chuma kidogo cha kuliwa, na kutu ikishaanza mwaka mmoja au miwili inatosha.

Kuna geji 16 ya chuma laini pia, na hiyo ndiyo ya kuogopa, kwa sababu ina udhaifu wa pande zote mbili. Kuitambua ni rahisi. Kunja uzi mmoja kwa mkono kisha uachie: chuma kigumu huruka kurudi, laini hubaki palipokunjwa.

Kuna na ujanja wa urefu. Pima mita 10, ukate, uweke kwenye mizani. Waya wa milimita 1.6 una gramu 15.8 kwa mita, wa milimita 2.0 gramu 24.7, wa milimita 2.5 gramu 38.5. Seng'enge ina nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja na miba, kwa hiyo mita 10 za geji 16 ya kweli zitakaribia gramu 400. Ukipata 300, aidha waya ni mwembamba kuliko lebo au miba imewekwa mbali mbali. Kwa ng'ombe miba iwe kila sentimita 10 hadi 15.

Zinki

Hapa ndipo maisha ya waya yalipo, na hapa ndipo lebo zinanyamaza. Waya wa bei rahisi una zinki ya gramu 60 hivi kwa mita ya mraba, ambayo ni unene wa mikroni 8 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Waya wa milimita 2.5 uliopakwa kwa daraja zito una gramu 240 hivi, yaani mikroni 34. Bara, penye hewa kavu, zinki hupungua chini ya mikroni 1 kwa mwaka. Karibu na bahari, Kilifi, Kwale, Pangani, hupungua 2 hadi 4 na hata zaidi pale upepo wa chumvi unapovuma moja kwa moja. Fanya hesabu: waya mwepesi unaokaa miaka kumi na kitu Laikipia utaanza kutu Pangani kabla ya mwaka wa nne. Mfugaji wa pwani asinunue geji 16 ya zinki nyepesi kwa bei yoyote ile. Atafute daraja zito, au waya wa zinki iliyochanganywa na alumini asilimia 5, ambao hustahimili chumvi mara mbili na zaidi.

Unaweza kulinganisha zinki nyumbani kwa mrututu, yaani salfeti ya shaba, ule ule wa duka la pembejeo. Yeyusha gramu 35 hivi kwenye mililita 100 za maji, ndani ya chupa ya kioo. Chukua vipande vya waya wa aina mbili unazopima, vioshe mafuta kwa sabuni, uvizamishe dakika moja, uvitoe, usuuze na kufuta weusi kwa kitambaa. Rudia. Pale zinki inapokwisha, shaba inayong'aa huganda kwenye chuma na haifutiki. Waya uliopata shaba baada ya kuzamishwa mara moja tu ni wa zinki nyembamba, ule unaovumilia mara tatu au nne ndio wako. Maji hayo yamwage shimoni mbali na mifugo, kondoo hasa, ambao shaba huwadhuru upesi.

Waya laini wa chuma kigumu

Laini hapa maana yake ni usio na miba. Kwa ng'ombe wa maziwa huu ndio tunaoupendelea, na tunashangaa kuona bado haujaenea. Seng'enge huchana viwele na kuharibu ngozi, na ngozi yenye michirizi hushuka daraja machinjioni. Waya laini wa milimita 2.5, wenye zinki nzito, unatoa takriban mita 650 kwa kilo 25, unavutwa kwa kilo 100 hivi kila mstari, na mnyama akiuegemea unarudi mahali pake. Nguzo zinaweza kukaa mita 8 hadi 10 mbalimbali, katikati kukiwa na fito nyepesi za kushikilia nafasi kati ya nyaya. Akiba ya nguzo hulipia sehemu kubwa ya bei ya waya.

Una masharti yake. Hauvumilii kukunjwa kwa pembe kali wala kubanwa na meno ya plaizi; hukatika hapo hapo au mwezi mmoja baadaye. Fundo lake ni la umbo la nane. Na ukitaka umeme, upitishe kwenye waya huu; seng'enge haitiwi umeme kamwe, maana mnyama aliyenaswa na miba hawezi kujinasua kati ya mipigo.

Nyavu za mbuzi na kondoo

Nyaya tano hazimzuii mbuzi, na kumi hazimzuii mwenye njaa. Hapo ni wavu uliofumwa. Namba kama 8/80/15 inasomeka hivi: nyaya 8 za mlalo, kimo cha sentimita 80, na nyaya za wima kila sentimita 15. Ongeza mistari miwili ya waya juu, ule wa juu kabisa ukiwa sentimita 110 au 120. Kwa mbuzi wenye pembe, nafasi ya sentimita 15 ni mtego: kichwa kinaingia, pembe zinakataa kutoka, na mbwa wanamkuta hapo usiku. Chagua wima za kila sentimita 30, ambapo anaweza kujitoa, au wavu mdogo wa sentimita 10 usiopitisha kichwa. Wavu uguse ardhi. Mbuzi hupita chini zaidi kuliko anavyoruka.

Wavu wa almasi unaouzwa kila duka ni wa kuzungushia nyumba. Rola ni fupi, ng'ombe akiuegemea unafanya tumbo na haurudi, na bei kwa mita ni ya juu. Kwa malisho tunaupa alama ndogo.

KONA NDIZO UZIO

Nyaya tano zikivutwa kilo 100 kila moja, nguzo ya kona inavutwa kwa nusu tani, mchana na usiku. Hakuna nguzo inayohimili hilo peke yake, hata ukiimwagia zege. Jenga H: nguzo ya kona na nguzo ya pili mita 2.4 kutoka kwake, zote sentimita 90 ardhini, kisha mti wa mlalo wa sentimita 10 ukizibana zikiwa zimeachana kwa kimo cha mita 1 hadi 1.1. Waya wa mshazari, uliorudishwa mara mbili na kusokotwa kwa kijiti, unatoka chini ya nguzo ya kona kwenda juu ya nguzo ya pili. Wengi huufunga kinyume, juu ya kona kwenda chini ya ya pili. Ukifungwa hivyo haubebi chochote, na kona inainama kana kwamba haupo.

Mkono wa mshazari wa kawaida unakubalika ukiwa mrefu, angalau mara mbili ya kimo unapogusa nguzo, na mguu wake ukae juu ya jiwe bapa. Mfupi hunyanyua nguzo kutoka ardhini.

Nguzo za mstari zikae sentimita 60 hadi 70 chini. Jaza udongo kwa tabaka za sentimita 15 na ushindilie kila tabaka kwa mtarimbo. Kujaza shimo lote kisha kukanyaga kwa mguu ni kuacha nguzo ikielea. Udongo mweusi unaopasuka kiangazi husukuma nguzo juu kila mvua zinaporudi: huko nenda sentimita 90 na ujaze changarawe badala ya udongo uleule. Ukitumia zege kwa nguzo ya mti, mguu wa nguzo ukae juu ya kokoto ili maji yapate pa kutokea, na juu zege liwe na mteremko. Zege lililotengeneza kikombe huozesha nguzo upesi kuliko udongo mtupu.

Waya ukae upande waliko wanyama, ili wakisukuma waubane kwenye nguzo badala ya kung'oa misumari. Misumari ya U iwe na zinki, milimita 40, ipigiliwe mshazari kidogo ili miguu yake isiingie kwenye uzi mmoja wa mti, na isizamishwe mpaka mwisho. Waya lazima uteleze. Uliobanwa huchubuka zinki, na mnyama akiuparamia mvutano wote unabaki kati ya nguzo mbili badala ya kugawanyika. Ukivuta waya saa saba mchana, usiku wa baridi utajikaza wenyewe: kwa nyuzi joto 20 za tofauti, mita 100 hufupika kwa sentimita 2.4. Waya mgumu wa milimita 2.5 hapo hupata mvutano wa nyongeza wa kilo 24 hivi. Vuta asubuhi.

HESABU YA HEKTA MOJA

Mraba wa mita 100 kwa 100 una mzunguko wa mita 400. Ukanda wa 50 kwa 200 una eneo lile lile na mzunguko wa mita 500, robo zaidi ya kila kitu, kwa hiyo panga malisho kabla ya kununua. Kwa mraba wenye geti moja na seng'enge mistari mitano, kwenye kimo cha sentimita 30, 55, 80, 105 na 130, nguzo zikiwa kila mita 3, utahitaji nguzo nene 16 (tatu kila kona, nne za geti), za mstari kama 117, miti ya mlalo 10, na mita 65 za waya laini kwa mishazari. Seng'enge ni mita 2,000, ongeza asilimia 5 kwa mafundo: rola 4 za geji 16 au rola 9 za geji 12.5. Misumari ya U ya milimita 40 kwa unene wa milimita 4 hufika kama 115 kwa kilo, basi kilo 6 zinatosha na chache zitabaki.

Kama bajeti haitoshi yote, punguza kwa mpangilio huu: acha mstari wa tano kwanza, kisha ongeza nafasi ya nguzo hadi mita 4 kwa kutumia fito katikati. Kona na daraja la zinki visiguswe.

Mzigo ukifika, pima uzito wa kila rola kabla lori halijaondoka na uandike kwenye risiti. Kata nguzo moja hata kama uliyokata dukani ilikuwa nzuri, maana rundo la dukani na rundo la lori si lazima yatoke tangi moja. Rola zihifadhiwe juu ya mbao, chini ya paa, hewa ikipita. Zikikaa kwenye nyasi mbichi chini ya turubai hupata unga mweupe, na unga huo ni zinki yako inayoondoka kabla waya haujafungwa.